Nakula usiku peke yangu mpaka biashara inakufa, na kuna binti amesingiziwa wizi. Ni ugonjwa au ni ulafi wangu?

MamaWaDarini

Assalaam alaykum, na msio Waislamu hamjambo. Akaunti hii nimeifungua leo kwa jina ambalo hata mume wangu halijui. Mkinitambua kwa maneno yangu, tafadhalini, nyamazeni.

Nina miaka 34, watoto watatu, nakaa Langoni hapa Lamu. Nachoma mahamri ya asubuhi na viazi vya karai, na sambusa za oda watu wakiwa na shughuli. Unga naukanda baada ya isha, naufunika uumuke, kisha naamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mahamri 120 kwa siku, shilingi kumi kumi. Hamsini huchukuliwa na mkahawa wa kule gatini, yaliyobaki nauza dakani kwangu.

Jiko letu liko juu darini kama nyumba nyingi za mawe za hapa. Jambo hilo limenisitiri na ndilo limeniangamiza. Mume na watoto wakishalala chini, mimi napanda “kutazama unga”.

Nikifika juu naanza na hamri moja la jana, tena nimesimama. Kisha la pili. Kisha wali baridi ulioganda sufuriani, halua iliyowekewa wageni, bisikuti za watoto za shule, hata nyama ya sambusa ambayo bado haijafungwa. Ladha siioni. Mlafi ninayemjua mimi ni marehemu ami yangu, alikuwa akila huku akisifu: bizari hii ya nani, tui hili la kwanza, samaki huyu wa leo. Mimi sisifu kitu. Nakula kama mtu anayekimbizana na maji kujaa, mkono unakwenda nami nautazama kama si wangu. Naacha tumbo likianza kuuma. Hapo nakaa chini karibu na pipa la maji, nalia bila sauti, kisha naosha vyombo polepole visigongane. Wanaoijua siri yangu ni paka wa mtaa tu. Nikipanda mimi, nao wanapanda. Wamenenepa kuliko mimi.

Ni usiku tatu au nne kwa wiki, sasa mwaka na nusu. Sitapiki, sinywi dawa za kuharisha. Kesho yake nafanya adhabu tu: nashinda na chai ya rangi mpaka magharibi.

Adhabu hiyo ilianza hivi. Nilikwenda kupimwa sukari mahali fulani, ikaonekana imepanda kidogo. Mhudumu akanitamkia uzito wangu kwenye korido, watu wamejaa benchi, akasema, “Mama, funga mdomo.” Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nikatoka pale nimeapa kutotia kitu mdomoni mchana. Wiki mbili nikajiona shujaa. Ya tatu ndipo nilipopanda darini mara ya kwanza.

Pesa sasa. Usiku mmoja unakula mahamri kumi na tano au ishirini, pamoja na vingine. Mkahawa umeshanilalamikia mara tatu kwamba hamsini hazitimii. Chama chetu tuko wanawake kumi na wawili, mia tano kwa wiki, nami nimekosa mara mbili nikasingizia mtoto mgonjwa. Harusini siendi tena. Nikienda sili kitu, wananiuliza kama nina mimba, kisha narudi nyumbani na ile njaa ya kufunga kinywa mbele ya watu, mnajua itakwenda kuishia wapi.

Lakini hayo si yaliyonileta. Nilikuwa na binti wa kunisaidia, kutoka Matondoni, miaka kumi na tisa, mwaminifu, mkono mwepesi wa kufunga sambusa kuliko mimi. Kabla ya Ramadhani tulipata oda ya sambusa mia mbili za harusi. Asubuhi mavyaa akazihesabu, zikapungua thelathini na moja. Ishirini na mbili nilizila mimi usiku ule, nyingine sijui, labda paka, labda pia mimi. Mavyaa akasema, “Huyu mtoto wa watu ana mkono.” Nilikuwa nimesimama pale na mwiko. Sikusema neno. Binti akaondoka siku hiyo hiyo bila mshahara wa nusu mwezi, shilingi 2,500, na nasikia nyumba mbili alizokwenda kuomba kazi zimeshaambiwa.

Wiki iliyopita nimesoma kwenye simu kwamba kuna ugonjwa wa kula namna hii. Nikafurahi dakika moja, kisha nikaona haya. Nikisema ni ugonjwa, si nitakuwa najitafutia udhuru kwa lile nililomfanyia yule binti? Na kama ni ugonjwa, hapa Lamu naupeleka wapi? Mume wangu anataka kumwita mtu aje kusoma nyumbani, anadhani biashara imepigwa kijicho.

---

Mwana_wa_Wiyoni

Dada, tusidanganyane. Huo ni ulafi na shetani kidogo. Funga Jumatatu na Alhamisi, lala mapema, mlango wa darini utie kufuli na ufunguo mpe mumeo. Wazee wetu hawakuwa na maradhi haya ya kwenye simu.

---

Tabibu_wa_Zamu

Waalaykum salaam dada yangu. Mimi ni tabibu wa kliniki huku Malindi, si daktari wa akili, na mtu simpimi kwa simu. Ugonjwa uliousoma kwa Kiingereza huitwa binge eating disorder, yaani kula kwa kufakamia. Nitakueleza tu tunavyofundishwa, ili ukienda kwa mtu ujue cha kumwambia.

Tunauliza hivi: mtu anakula kwa muda mfupi, tuseme ndani ya saa mbili, chakula kingi kuliko ambacho wengi wangekula kwa muda huo? Anahisi hawezi kujizuia? Anakula haraka, bila njaa, mpaka aumie, akijificha kwa aibu, kisha anajichukia? Inatokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu? Na hana mazoea ya kujitapisha, kutumia dawa za kujisafisha au kujishindisha njaa ili kufidia, maana hiyo ingeweza kuwa bulimia, ugonjwa mwingine; kwa hiyo ile adhabu yako ya mchana usimfiche atakayekupima. Sasa rudi ukasome ulichoandika mwenyewe.

Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliueleza ulaji huu mwaka 1959. Lakini madaktari wa akili wa huko waliupa nafasi yake kama ugonjwa kamili mwaka 2013 tu, na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani yenye ugonjwa huu ilianza kutumika Januari 2022. Kwa hiyo yule aliyekwambia “funga mdomo” huenda darasani hakuwahi kuusikia. Simtetei. Kumtangazia mtu kilo zake kwenye korido ni utovu wa adabu, uwe na ugonjwa usiwe nao.

Kaka wa Wiyoni, nakuheshimu, ila ushauri wako ndio unaoulisha ugonjwa. Tazama mwenyewe mpangilio wa dada: ameshinda na chai ya rangi, kisha usiku mwili ukadai deni lake kwa riba. Njaa ya makusudi ya mchana na kufakamia kwa usiku ni mguu wa kulia na wa kushoto. Ndiyo maana katika tiba jambo la kwanza si kupunguza chakula, ni kula kwa saa. Asubuhi, mchana, usiku, na kitu kidogo katikati, usipitishe saa tatu au nne bila kutia kitu. Dada, asubuhi chukua mahamri yako mawili na mbaazi, keti, ule ukiwa umekaa, mchana watu wakikuona. Najua utaogopa kunenepa. Karibu wote huogopa hapo. Wengi huona zile hamu za usiku zinapungua nguvu baada ya wiki chache, kwa sababu hakuna deni la kulipa.

Pili, daftari. Si la kilo. Andika saa, mahali, umekula nini, na kabla yake kulikuwa na nini: ugomvi, upweke, oda imerudishwa, mavyaa kanuna. Tiba yenyewe ni ya mazungumzo, ile ya kubadili fikra na mazoea, na ndiyo yenye ushahidi mwingi. Daftari ni mlango wake, unaweza kuanza nalo kabla hujampata mshauri. Dawa ipo moja iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa wenye hali ya wastani na kali, lakini ina masharti yake, inaweza kupandisha presha, si ya kununua kienyeji. Na nakuomba, vile vidonge na chai za “kukata mwili” zinazouzwa kwenye simu, usiguse hata kimoja.

Nenda hospitali ya kaunti, omba kuonana na mtu wa afya ya akili. Akisema hana uzoefu wa ugonjwa huu, omba akuandikie rufaa Mombasa. Najua ni boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa kupitia Witu na Garsen, na pesa ya kulala. Lakini baada ya kikao cha kwanza, uliza kama mnaweza kuendelea kwa simu. Ukipimwa uzito, una haki ya kusema “sitaki kutajiwa”. Sukari na presha uendelee kupima, na kama umepewa dawa za sukari, kushinda bila kula kunaweza kuwa hatari, mwambie anayekutibu. Saumu za sunna ziache kwa sasa. Kuhusu Ramadhani ijayo, kaa na tabibu na sheikh unayemwamini mapema, si usiku wa mwezi kuandama.

Umeuliza kuhusu udhuru. Nitakujibu kwa hesabu. Huko Marekani walijumlisha hasara ya magonjwa yote ya ulaji kwa mwaka mmoja, 2018 hadi 2019, wakapata dola bilioni 64.7, na sehemu kubwa kabisa haikuwa bili za hospitali bali kazi iliyopotea. Nilipoisoma hesabu hiyo haikuniingia akilini. Leo imeniingia. Kwako kazi iliyopotea ni oda za mkahawa, ni chama, na ni mshahara wa yule binti. Ugonjwa unaieleza hasara hiyo, hauifuti.

Swali la mwisho na usinikwepe: umewahi kufikiria bora ufe? Kama ndiyo, leo hii mwambie mtu mmoja aliye karibu nawe, usingoje safari.

---

Tuktuk_Nambari_Saba

Nimesoma hii nikiwa kwenye foleni ya abiria nikajifanya mchanga umeniingia jichoni.

Mimi ni mwanamume, dereva wa tuktuk hapa Malindi, na nina jambo hilo hilo. Watu wanadhani ni ya wanawake. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007 nilionyeshwa na mshauri wangu: asilimia 3.5 ya wanawake wamewahi kuupata, na wanaume asilimia 2. Si sawa lakini si mbali. Tofauti ni kwamba mwanamume akila sana anasifiwa. Maskani wananiita Tangi. Nikimaliza sinia la pilau wanapiga makofi. Hawajui kwamba saa tano usiku Tangi ameegesha kando ya barabara, taa amezima, ana mishkaki, viazi vya karai na soda kubwa mbili, anakula kama ameiba.

Mimi hesabu ya tajiri, mwenye tuktuk, ni 800 kwa siku. Kuna miezi nilikuwa nalipa hesabu mbili, moja kwa tajiri, moja kwa tumbo, 350 au 400 kila usiku. Kodi ikalala. Mchumba akasema nina mwanamke mwingine kwa sababu pesa haionekani na usiku sipatikani. Nikaona afadhali afikirie hivyo! Fikiria, nimekubali sifa ya umalaya kuliko kusema “nilikuwa nakula”. Akaenda zake.

Sijapona. Zamani ilikuwa karibu kila usiku, sasa ni mara moja kwa wiki mbili hivi. Kilichonisaidia ni chakula cha mchana. Mama lishe mmoja namlipa kwa wiki, saa saba juani naenda pale napenda nisipende. Na nilimwambia mtu mmoja tu, mamangu. Alinyamaza kisha akaniuliza, “Huwa ni saa ngapi?” Nikamwambia. Siku hizi hiyo saa ananipigia simu, tunaongea upuuzi wa mbuzi wake.

Dada, kufuli usitie. Mimi nilimpa rafiki pesa zangu anishikie, nikaishia kukopa kwa muuza mishkaki.

---

BiMkubwa_Mkomani

Mwanangu, waalaykum salaam. Miwani yangu imevunjika mkono, mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia, kwa hiyo na yeye sasa anajua, lakini nimemwapisha.

Nimewasikiliza vijana hawa wawili wa Malindi, maneno yao mazuri. Kula kwako sikukulaumu. Sisi hapa Amu mtoto akilia tunamtia kitu kinywani, mgeni akikataa tunanuna, mwanamke akimaliza arobaini tunataka mashavu yaonekane. Kisha yule yule tuliyemlisha tunamwambia amekuwa pipa. Nina dada yangu, Mungu amrehemu, tulikuwa tukikuta maganda chini ya kitanda chake. Tulicheka miaka na miaka. Leo nimeacha kucheka.

Lakini usipike mambo mawili sufuria moja. Ugonjwa ulikupeleka darini. Haukukuziba mdomo asubuhi. Pale na mwiko ulikuwa mzima wa akili, uliogopa aibu yako ukampa mtoto wa watu aibebe. Hilo halina daktari.

Nenda Matondoni. Usitume mtu, usitume M-Pesa. Na kabla hujaenda, mavyaa wako aambiwe, kwa sababu yeye ndiye aliyetia jina la wizi, na yeye ndiye mwenye kulitoa. Huyo wa kuja kusoma, mwache aje akitaka, kusoma Qurani hakudhuru nyumba. Ila asije kutafuta mwenye kijicho, mtapata jirani mwingine wa kumsingizia.

---

Mwana_wa_Wiyoni

Nimeambiwa na tabibu, nimesikia. La kufuli nimelirudisha. La Jumatatu na Alhamisi bado nina maswali lakini nitamuuliza sheikh mwenyewe. Dada nisamehe neno la shetani, lilikuwa kali.

---

MamaWaDarini

Nimekaa siku kumi na mbili bila kuandika. Asanteni wote. Tabibu, kufa sijafikiria. Nimefikiria kuhama, Mombasa, mahali ambapo jiko liko karibu na kitanda.

Nilianza na mume, kwa sababu mavyaa nilimwogopa. Nilimwita juu darini usiku ule ule wa kukanda. Nikamwonyesha: hapa nasimama, hapa naficha, hapa nalia. Paka walikuja wakakaa kama mashahidi wa ndoa. Kumbe mwaka mzima alikuwa akinisikia nikipanda, na akadhani nina mtu ninayezungumza naye kwa simu. Alikuwa ameshamweleza kaka yake! Tuktuk, nilipokumbuka ya mchumba wako nilicheka katikati ya kilio, na yeye akadhani namcheka, tukagombana kidogo. Kisha akauliza, “Sasa unataka nifanye nini?” Sikuwa na jibu. Nikamwambia asinitazame sahani yangu. Anajitahidi. Anatazama ukuta wakati wote wa kula mpaka watoto wanamuuliza kuna mjusi.

Mavyaa nilimwambia asubuhi. Hakunijibu kitu. Alimimina kahawa, akanywa, akamimina nyingine. Alasiri nikamsikia anamwambia shoga yake dirishani, “Lile la sambusa, tulikosea.” Tulikosea, ati. Si haba.

Matondoni nilikwenda Jumanne kwa boti na zile 2,500, na elfu moja juu yake. Mama yake binti alikuwa barazani anasuka ukili, hakuacha kusuka hata nilipokaa. Nikasema yote, hata ya ugonjwa, nikaona maneno yanazidi nikanyamaza. Binti alikuwa ndani, nilimsikia anakohoa, hakutoka. Mama akazihesabu pesa, akaitoa ile elfu akanirudishia. “Hii hatukukudai.” Kisha akaniuliza kama haya niliyoyasema hapa barazani nitakwenda kuyasema kwenye zile nyumba mbili, kwa mdomo wangu.

Ya kwanza nimekwenda jana. Mwenye nyumba alinisikiliza mlangoni, sikukaribishwa kukaa, lakini alisema binti akija atamwangalia. Ya pili wamesafiri Mombasa, wanarudi Ijumaa.

Kwa daktari nimepewa tarehe mwezi ujao. Daftari ninalo, ni la hesabu la mtoto wangu wa kwanza, kurasa za nyuma. Usiku mbili nimepanda na nikala, nimeandika. Asubuhi nakaa kwenye kigoda pale dakani na mahamri mawili na mbaazi, mbele ya wateja. Siku ya kwanza mteja mmoja aliniuliza, “Leo mwenyewe unakula?” Nikamwambia nakula. Akaagiza manne.